Bi Buku na Nusu ya Makumbi

Paukwa.

Pakawa.

Niitoe?

Itoe.

Niisokote?

Sokota, sisi tumeshika ncha.

Haya, ishikeni vizuri, na anayesinzia afinywe na jirani yake.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na kuoana na kugombana kama sisi, palikuwa na shamba kubwa la minazi kando ya hori la bahari. Mkuu wa shamba alikuwa Jumbe Nyani. Wakati huo mkia wake ulikuwa umenyooka kama mwiko. Hilo la mkia msilisahau.

Watu wa Jumbe Nyani walikula nazi. Maji walikunywa, nyama walikula, kumbi, lile ganda la nje lenye nyuzi, wakalitupa. Leo kumbi, kesho kumbi, mpaka njia ikazibika. Mvua ikatuama ndani ya makumbi, mbu wakazaliana, nyoka akapata pa kulala. Kila mtu alilalamika na kila mtu aliendelea kutupa.

Katikati ya shamba palikuwa na kisima cha kale, kirefu, hakina ukingo, kuta zake zimejaa ukoga. Jirani na kisima aliishi Bi Buku, yule panya mkubwa wa mashimoni. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, jina lake Sikudhani.

Msimu mmoja wa masika Sikudhani aliteleza, akatumbukia. Alimwita mama yake tangu asubuhi mpaka jua la utosini, kisha akanyamaza. Wanyama walizunguka kisima, hakuna aliyekuwa na kamba. Wakampa mama pole, wakakaa matanga, wakarudi kwenye nazi zao.

Bi Buku alisema moyoni, "Hapana mama mwingine atakayesimama hapa mikono mitupu." Akaanza kuokota makumbi.

Aliyaburura mpaka horini, akayafukia kwenye tope chini ya mikoko, pale maji yanapojaa na kupwa. Akayaimbia:

*Lala kumbi, lala topeni,*
*ukiamka, uamke kamba.*

Sasa, anayeyajua makumbi anajua kwamba hayaharakishwi. Sharti yaoze mpaka uzi uachane na unga wake, ndipo upate usumba wa kusokota. Ukiyafukua mapema, kamba utapata, lakini itakukatikia siku ya shida. Na yanapooza, ndugu zangu, sitawaficha, yananuka.

Ngiri akaenda kwa Jumbe. "Jumbe, hatuli kwa uvundo wa yule bibi."

Jumbe akasema, "Mwacheni, ana msiba."

Komba akaenda, na mnamjua Komba kwa ulevi. "Jumbe, tembo langu la mnazi limeshika uvundo."

Jumbe akakunja uso. "Mwambieni apunguze."

Mara ya tatu akalalamika mke wa Jumbe mwenyewe. Hapo baraza likaitishwa.

"Bibi," akasema Jumbe, "taka tumezitupa sisi, wewe unazitunza. Una nini?"

"Nataka kusokota kamba ya kisima, Jumbe. Nivumilieni mpaka masika yapite."

"Kamba ya taka?"

Baraza zima likacheka. Lakini Jumbe alipenda kuitwa mwadilifu, basi akakata katikati. Nusu ya makumbi yafukuliwe leo, nusu yabaki. Akaondoka pale akijiona ametoa hukumu ya haki.

Bi Buku alilia mbele ya watu, wala hakuona haya. Akaifukua nusu, akairudia nusu iliyobaki, akaiimbia:

*Lala kumbi, lala topeni,*
*ukiamka, uamke kamba.*

Yale yaliyofukuliwa aliyachukua Komba. Akayaponda upesi upesi, akajisokotea kamba ya kutundikia vibuyu vyake, akajisifu shamba zima kuwa naye ni fundi.

Masika yakapita. Bi Buku akafukua yake, akayapiga kwa rungu, akayaosha, akayaanika, akasokota usumba pajani mpaka ngozi ikachubuka. Akaikunja kamba, akaitundika mlangoni.

Haukupita muda mrefu, Chaurembo, kitinda mimba wa Jumbe Nyani, alikuwa akimkimbiza panzi. Panzi akaruka kisima. Chaurembo hakuruka vya kutosha.

Shamba zima likakusanyika. Chini kule mtoto ameshika mzizi, maji yako kifuani, anaita, "Baba."

Ngiri akaleta ugwe wa mmea utambaao porini. Mtoto akaushika, wakavuta, ukakatika. Akarudi majini, akaushika mzizi tena. "Baba."

Komba akaleta kamba yake. Mtoto akaishika, wakavuta, akafika katikati, ikakatika. Safari hii sauti ilikuwa ndogo. "Baba."

Jumbe akageuka. Bi Buku alikuwa amesimama nyuma yake na kamba begani. Akaifunga kwenye mnazi, akaishusha kisimani.

Kamba ilikuwa nzuri, lakini haikufika. Mtoto alinyoosha mkono, haikufika.

"Iliyobaki iko wapi?" akauliza Jumbe.

"Iliyobaki uliihukumu, Jumbe."

Watu wakatazama chini. Jumbe akamgeuzia Bi Buku mgongo, akasema, "Basi nifunge mkiani. Mimi nitakuwa nusu hiyo."

Akafungwa mkiani, akashushwa kichwa chini miguu juu. Akanyoosha mikono, akamshika mwanawe viganja. Ngiri akavuta, Komba akavuta, wote wakavuta. Kamba ya taka ikalia, haikukatika. Kilichovunjika ni mkia wa Jumbe, wote wakausikia, naye hakumwachia mtoto.

Walipotoka, Jumbe alilala chini amemkumbatia Chaurembo. "Bi Buku," akasema, "tulimlilia mwanao siku chache, wewe ukatulilia sisi masika mazima. Nikupe nini?"

"Makumbi," akasema Bi Buku. "Na mtu wa kuvumilia harufu pamoja nami."

Kisha akainama kisimani, akaita, "Sikudhani," mara moja tu, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto alale. Akaikunja kamba yake.

Tangu siku hiyo kumbi halikutupwa tena shambani kwa Jumbe. Jioni utamkuta Jumbe mwenyewe topeni, amekunja pua, akiimba:

*Lala kumbi, lala topeni,*
*ukiamka, uamke kamba.*

Na mpaka leo mtazameni nyani. Mkia wake huanza kwenda juu, kisha huanguka kama uliovunjika. Ndiyo, ulivunjika.

Mafunzo yake ni haya. Kabla hujakiita kitu taka, muulize anayekiokota anakitakia nini. Na mwenye kazi ya subira usimkatie katikati, maana utakachompunguzia leo ndicho kitakachokupungukia kesho.

Hadithi yangu nimeisokota, ncha nimeifunga. Ivuteni. Isipokatika, ni yenu.