Kiboko Mpima Maji

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na nini?
— Wewe ndiwe mdomo, sisi masikio!
Basi yategeni vizuri, maana hii yangu ya leo ni ya wivu.

Katika bonde moja lenye mto mmoja aliishi Pimbi. Mdogo, mkia hana, nyumba yake ufa wa jabali. Lakini alikuwa na zoea lake. Kila asubuhi alishuka mtoni, tipu-tipu-tipu, akachomeka kijiti majini, akakikwaruza pale maji yalipofikia, kwaru! Mvua ikinyesha, aliikinga kwa kibuyu. Kibuyu kikijaa, aliweka kokoto moja ufani. Hivyo mwaka wa kwanza, hivyo wa pili, hivyo wa tatu.

Wenzake walimcheka. "Pimbi anampima mto! Anataka kumshonea kanzu?"

Siku moja, mwaka ule wa kwanza, Nyumbu walitaka kuvuka. Pimbi akawazuia.

"Msivuke. Hapa hapajanyesha, na maji yamepanda tangu alfajiri. Huko juu kumenyesha."

Nyumbu wakanung'unika, wakangoja. Adhuhuri, ghuuu! Mafuriko hayo, yamebeba magogo na mizizi yake.

Tangu siku hiyo Ngiri hakuchimba bila kumuuliza Pimbi, na Kanga hakutaga bila kumuuliza Pimbi. Wote walipitia kando ya Kiboko. "Shikamoo mzee Kiboko!" walisema mbiombio, hata marahaba hawakuingoja, wakaenda zao jabalini.

Kiboko wivu ukamwingia. Akila, wivu. Akilala, wivu. Akipiga mwayo, wivu unachungulia kinywani.

"Mimi na ukubwa wangu wote huu," alisema, "hakuna anayeniuliza hata saa! Wanamuuliza yule panya wa mawe!"

Na kwa uchungu akapanda kwenye chemchemi ya mto kula matete. Alikula, akakanyaga, akala tena, kafu-kafu-kafu. Hakumwachia mtu hata jani.

Mwaka wa tatu wa vijiti vya Pimbi, mto ukakaribia kukauka. Wanyama wakakusanyika jabalini, ndimi nje.

"Mvua imetukimbia," alilia Kanga.

"Ngoja kwanza," alisema Pimbi. Akahesabu kokoto. "Mwaka juzi vibuyu arobaini. Mwaka jana arobaini. Mwaka huu arobaini na kimoja. Mvua haijapungua." Akatoa vijiti. "Lakini mwaka juzi maji yalimfika Pundamilia kifuani. Mwaka jana gotini. Sasa hivi kwatoni. Basi mwizi hayuko mbinguni. Mwizi yuko huku huku chini."

Wakapanda mpaka kwenye chemchemi. Kinamasi kilichokuwa kikishika maji kilikuwa kipara. Matete hakuna, udongo umepasuka, na juu ya udongo nyayo pana kama sinia. Kila mtu alizijua.

"Haya, nani atamwambia?" aliuliza Ngiri.

Wote wakautazama mguu wa Swala. Mwaka uliopita Swala alimwambia Kiboko abakize kidogo, na mpaka siku hiyo alikuwa anachechemea.

Asubuhi yake Kiboko mwenyewe alifika jabalini. Du! Du! Du!

"We Pimbi! Leta hivyo vijiti. Kuanzia leo mpima maji ni mimi."

Pimbi akajitupa chini, akalia. "Chukua nyumba yangu, mzee, chukua chakula changu. Heshima yangu niachie!"

Kiboko aliposikia heshima, akaitaka mara mbili. "Leta!"

"Hutaweza, mzee. Kazi ni ngumu."

"Naweza!"

Pimbi akajifuta machozi. "Basi mwenye mwili kama wako hapimi kwa kijiti, anapima kwa mwili. Utasimama kwenye dimbwi la chini. Ukitoka, maji yanashuka. Ukiingia, yanapanda. Hesabu yote inavurugika. Kwa hiyo hutoki."

"Mpaka lini?"

"Mpaka maji yakufike puani. Majani tutakuletea. Ila ukishindwa, mzee, kazini narudi mimi."

"Wewe? Thubutu!" Kiboko akajitosa. Chubwi!

Kesho yake Pimbi akapita. "Mzee, maji yako wapi?"

"Kwenye vifundo."

"Umechoka? Nikushikie zamu?"

"Sijachoka! Nenda zako!"

Vuli ikaja. "Mzee, maji yako wapi?"

"Gotini."

"Nikushikie zamu?"

"Sijachoka! Nenda zako!"

Huko juu matete yakaanza kuchipua. Upepo ukamletea Kiboko harufu yake, na tumbo likanguruma, gurrr! Mate yakamtoka. Akainua mguu mmoja. Akamwona Pimbi amekaa juu ya jiwe, anamtazama yeye, anatazama dimbwi. Akaurudisha mguu. Akatafuna majani makavu aliyoletewa, machozi yanamtoka.

Masika ikaja, ikapita. Kiangazi kikaja, na mto haukushuka. Kinamasi kilikuwa kimeshiba, kinaachia maji kidogo kidogo.

"Mzee, maji yako wapi?"

"Pua-bluu-bluu-ni!"

Bonde zima likalipuka kwa vigelegele. Nyumbu walicheza, Kanga waliimba: "Kasimama Kiboko, maji yakapanda!" Wakampita Pimbi mbiombio, hata salamu hawakumpa.

Pimbi akahisi kitu kinamtafuna kifuani. Akaruka juu ya jiwe. "Jamani, ni matete! Ni mimi niliyepima! Ni mimi niliyemsimamisha hapo!"

Kanga akamtazama kwa huruma. "Pimbi, acha wivu. Wewe ulipima miaka mitatu, maji yakashuka. Mwenzio kapima mmoja tu, yakapanda."

Pimbi akashuka kwenye jiwe, akarudi ufani kwake. Kiboko naye alikataa katakata kutoka majini, asije mtu akamnyang'anya cheo. Ndiyo maana mpaka leo anashinda humo mchana kutwa, pua tu juu, jicho moja analitupia jabali.

Na funzo lake, wanangu? Wivu ni mbaya sana, hauna faida hata chembe. Bila wivu, bonde lile lingekuwa limekufa kwa kiu salama salimini. Na mto wenu ukikauka, msihangaike kuhesabu kokoto. Tafuteni mnene mmoja, mumsimamishe.

Ngano imeingia majini!
— Atakayeitaka aipigie mbizi!