Zimwi Lililomhurumia Bi Kazija

Haya, tegeni masikio, atakayesinzia asinilaumu.

Palikuwa na kizee, Bi Kazija, akiishi peke yake. Magoti yalimuuma, lakini maji alichota mwenyewe, polepole. Asubuhi moja zimwi likabisha hodi.

"Bibi, unateseka. Keti, nikuchotee."

Akaketi. Zimwi likachota, na miguu ya bibi ikafa ganzi.

Siku ya pili likasema, "Keti, nikupikie." Likapika, na mikono ya bibi ikalegea kama kitambaa kilicholowa.

Siku ya tatu jirani akaja kumjulia hali. "Keti, nikujibie," likasema zimwi. Likajibu mlangoni, "Hajambo, amepumzika." Sauti ya bibi ikazimika.

Bintiye, Mwanaidi, alipokuja kutoka ng'ambo ya mto, alikuta nyumba imefagiliwa, chungu kimejaa, na mama yake ameketi mkekani, machozi yanamtiririka bila neno.

"Umemfanya nini mama yangu?"

"Nimemsaidia. Kila nilichomfanyia, nimekila. Na nilichokila hakirudi."

Mwanaidi akalipiga kwa mchi, likatoweka likicheka. Akamkanda mama miguu, akamsemesha, akalia. Hakuna kilichorudi.

Ndipo akaingiza bega chini ya kwapa la mama yake. "Twende wote, mama. Sitakubeba, nitakushika."

Wakaburuta hatua moja. Wakapumzika. Wakaburuta nyingine. Jua lilipotua walikuwa wamefika kizingitini tu, na hapo ndipo nilipowaacha.