Karatasi za Kikapu cha Maombi

Alikuwepo binti mmoja, mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu. Ikafika zamu ya kwenda fildi, yale mafunzo ya vitendo ambayo fomu yake isiposainiwa, mwanafunzi anarudia mwaka. Wenzake wakakimbilia ofisi kubwa za mawakili, zenye viyoyozi na zulia hadi chooni. Yeye akachagua kiofisi kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, chumba kimoja na nusu, kinachotetea watu ambao siri zao zimemwagwa kwenye simu na mitandao.

Wenzake wakamcheka. "Yaani unakwenda kutetea simu?"

"Nakwenda kumtetea mwenye simu," akawajibu.

Mimi napenda jibu la namna hiyo. Limenyooka, halina mapambo.

Wiki ya pili akaja mama mmoja, fundi cherehani. Akaketi, akaweka pochi mapajani, akaishika kwa mikono miwili. Alikuwa anameza dawa za kifua kikuu. Nesi wa zahanati alishampima tena, akamwambia haambukizi, ashone, aishi na watu. Lakini mtaani kulikuwa na picha inayozunguka kwenye simu: mstari mmoja tu wa daftari, umekatwa juu na chini, una jina lake, ugonjwa wake, na maneno "yuko mwezi wa pili wa dawa". Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla hata havijaguswa na mkasi. Mwenye nyumba alimpa hadi mwisho wa mwezi awe ameondoka.

"Nani mwingine alikuwa anajua?" binti akamuuliza.

"Mimi na nesi basi. Mwanangu, hata dada yangu wa tumbo moja sikumwambia."

Kesi ikaonekana nyepesi. Daftari la zahanati, nesi kalipiga picha, mambo yamekwisha. Wakili aliyemsimamia binti, mtu wa mafaili mengi na subira kidogo, akaandika barua ya madai na nakala kwa mganga mkuu wa wilaya. Kwa barua ile, nesi asingemaliza wiki kazini. Akamkabidhi binti. "Ambatisha hiyo picha, gonga mhuri, ifike zahanati kabla ya saa nane."

Binti akaichapa picha kwa ukubwa. Karatasi ikatoka kwenye mashine ikiwa bado ya moto, naye akaiangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Herufi zimelala upande wa kushoto. Mkia wa kila "y" umepinda kama ndoano. Mwandiko ule ndio ulioandika jina lake juu ya daftari lake la darasa la kwanza. Ulikuwa wa mama yake mzazi.

Mama yake alikuwa katibu wa maombi kwenye kanisa lao, kanisa kubwa lenye ibada tatu, ambako watu wanaweza kusali miaka kumi bila kujuana sura. Kila Jumapili waumini wanaandika haja zao kwenye vikaratasi, wanavikunja, wanavitumbukiza kikapuni. Katibu anavikunjua, ananakili yote kwenye daftari, anapiga picha ukurasa na kuutuma kwenye kundi la waombaji, ili hata aliyesafiri apate kuomba. Nia yake safi kama maji ya mtungi.

Binti akamgeukia fundi, aliyekuwa bado ameketi pale ofisini. "Mama, uliwahi kuandika haja ya maombi kanisani?"

"Niliandika, ndiyo."

"Sasa mbona umeniambia hukumwambia mtu?"

Yule mama akamshangaa. "Sikumwambia mtu. Nilimwambia Mungu."

Ndugu zangu, hebu simameni mahali pa binti huyo. Barua iko mezani, mhuri uko mkononi. Nesi humjui hata kwa jina. Mama yako unamjua. Ukinyamaza, nani atakuja kukuuliza? Mtaa mzima umeshakubali kwamba ni nesi. Wangapi kati yetu tungegonga ule mhuri, tukarudi nyumbani tukala ugali na mama vizuri tu?

Binti akaingia kwa wakili, akaiweka barua chini bila mhuri.

"Nesi hakufanya. Huu ni mwandiko wa mama yangu."

Wakili akavua miwani. "Unajua kwamba wa kudaiwa sasa ni mama yako?"

"Najua."

"Na mimi sikuwa nimekuuliza."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Wakili akaichana barua. Alasiri ile ile binti akamchukua fundi hadi nyumbani kwao. Mama yake alikuwa barazani na ungo wa mchele. Aliposikia, akautua ungo chini.

"Mimi nilituma ili aombewe," akasema. "Kuna ubaya gani katika kuombewa?"

"Alikupa umwombee, mama. Hakukupa umtangaze."

"Kwa hiyo, sheria yako ndiyo imekufundisha kumshtaki aliyekuzaa?"

"Sijamshtaki mtu. Nimekataa kumshtaki mtu asiye na kosa."

Mama akaanza kulia. Fundi akamwacha alie, kisha akasema neno lake. "Mahakama siitaki. Kundi lenu lina watu wangapi?"

"Thelathini na wawili."

"Nenda nyumba kwa nyumba, useme kwa mdomo wako kwamba habari ile haikuwa yenu. Na uanze kwa mwenye nyumba wangu."

Akaenda. Siku nne, kwa miguu, binti yake ubavuni. Mwenye nyumba akasoma cheti cha kwamba fundi haambukizi, kilichoandikwa na nesi yule yule aliyekuwa apoteze kazi, akaona haya, akamwacha fundi akae. Lakini kwa wale thelathini na wawili, kila mlango ulitoa jibu lile lile: "Mimi nilimtumia mmoja tu, ili naye aombe." Mmoja tu. Hesabu wenyewe hao mmoja tu.

Jumapili iliyofuata katibu akakaa na kikapu, safari hii hana daftari wala simu. Akakunjua kikaratasi cha kwanza, akaomba, akakichoma. Cha pili vivyo hivyo. Cha tatu kilikuwa kimekunjwa mara nne, kwa unadhifu wa mtu aliyezoea kukunja vitambaa. Akakifungua. Kilikuwa cheupe pande zote mbili.

Kisha akapiga magoti akakiombea hivyo hivyo, bila neno.

Binti huyo namsifu, na sitachoka kumsifu. Alikwenda kujifunza kulinda siri za watu, akakuta mwizi wa kwanza analala chumba cha pili, na hakupindisha. Lakini sikusimama hapa ili tumpigie makofi mtoto wa watu halafu tuondoke. Kikapu chetu kiko pale mlangoni. Mwezi huu kimekuwa chepesi. Mnafikiri watu wetu wamepona wote? Wameolewa wote, wamepata kazi wote? Hawatuamini. Wanakuja na karatasi nyeupe mioyoni, kwa sababu sisi tunaoitwa waombaji tumekuwa wapiga mbiu, na kila mmoja wetu alimtumia mmoja tu.

Basi toeni simu. Nasema toeni, msinitazame. Tafuteni jina la mtu ambaye wiki hii mmetumiwa habari yake isiyowahusu. Mmeliona? Lifuteni. Halafu mwombeeni kimya.

Wimbo usianze kwanza. Nasubiri.