Kiboko, Pimbi na Basi la Mlango Mmoja

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa na kituo?

Kilikuwepo.

Na watu kituoni?

Tele, na mizigo yao.

Na basi?

Linakuja.

Linakuja lini?

Tuambie wewe.

Haya, nawaambia. Lakini mtu asinidakie maneno njiani. Mimi nikikatizwa hushuka, na hadithi yangu nashuka nayo.

Hapo kale, ila si kale sana kwa kuwa lami ilikuwepo, wanyama walikuwa na mji wao. Mji ukakua, ukakua, ukavuka bonde, ukapanda vilima, na basi lao likabaki lile lile moja, dogo, lenye mlango mmoja. Na mlangoni pa basi hilo alikaa Kiboko.

Kiboko alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Mabasi. Alisema anakaa mlangoni ili apime mizigo, basi lisije likazidiwa. Mizani hakuwa nayo. Alikuwa na kinywa.

Akipanda Kanga na kapu la mchicha, Kiboko husema, "Lete nipime." Kacha.

Akipanda Ngedere na mkungu wa ndizi, Kiboko husema, "Lete nipime." Kacha kacha.

Akipanda Kobe na tikiti lake, Kiboko husema, "Lete nipime." Kacha kacha, gubu. Tikiti lote. Alisema tikiti halipimiki nusu.

Sasa mwisho kabisa wa njia, Majabalini, aliishi Pimbi na watoto wake. Alilima viazi vitamu kwenye vishimo vya udongo katikati ya mawe. Kila siku alipanda basi na kapu lililojaa pomoni, na kila siku alishuka sokoni na mikia ya viazi. Bwana soko alikwisha kumwambia bila kuficha kwamba kizimba si mahali pa kupumzikia. Wenye mizigo walikuwa wengi na vizimba vichache. Akiendelea kuja na kapu tupu, kizimba atapewa mwingine. Na Pimbi bila kizimba, watoto wake watakula nini, mawe?

Basi siku moja zikaja habari, mji mzima ukaruka juu. Mabasi mapya yanakuja. Makubwa, ya kubeba watu wengi kwa mara moja. Yameletwa mawili ya kujaribiwa, litakalochaguliwa litaagizwa kwa wingi, njia zote. Lo, watu hawakulala vizuri. Kulipokucha, uwanja wa stendi ulikuwa haushikiki. Waliokosa mahali pa kusimama walisimama juu ya waliokwishasimama.

La kwanza likaingia likipiga honi, paa-ri-pa-pa-paa. Lilikuwa jekundu, refu kwenda juu, na mapazia ya rangi ya dhahabu mpaka dirisha la nyuma, na siti pana kama vitanda. Watu wakaliita Jumba. Mlango wake ulikuwa mmoja, mbele.

La pili likaingia taratibu, nge nge nge. Lilikuwa refu kwenda nyuma, limejaa vumbi, limeungwa katikati kwa mpira wenye mikunjo, likikata kona linapinda kiuno. Watu wakaliita Jongoo. Sakafu yake ilikuwa chini karibu na ardhi, hata Kobe angepanda bila kunyanyuliwa. Milango yake ilikuwa mitatu, mbele, katikati na nyuma, na yote ilifunguka pamoja. Pshiii.

Watu walilitazama Jongoo mara moja, wakarudi kuyashika mapazia ya Jumba. Kila mtu alijiona tayari amekaa kwenye kile kitanda, amevuta pazia, anapita mbele ya shemeji zake.

Kiboko alilizunguka Jongoo. Akatazama mlango wa mbele, akatazama wa katikati, akatazama wa nyuma. Milango mitatu, kinywa kimoja. Uso ukamshuka.

"Hili linavuja," akasema. "Nani aliwahi kuona basi lina matundu hivi? Mlango mmoja unatosha."

Nyani wakapiga makofi. Pa pa pa. Nyani ndio waliokuwa wajumbe wa Kamati, na kazi yao ilikuwa hiyo tu. Mwenyekiti akisema, Nyani wakipiga makofi, na konda Kasuku akilitangaza neno lile vituoni, basi limepita, halina wa kulirudisha.

Pimbi akapenya katikati ya miguu ya watu. Akasema kwa adabu kwamba Jongoo lingewafaa, maana watu wangepanda huku wengine wakishuka, na mji ungekwenda.

Kiboko akainamisha kichwa, akatafuta huku na huku. "Nani anaongea? Nasikia sauti, mtu simwoni." Watu wakacheka. "Ah, ni wewe. Wewe hata mkia wa kubanwa na mlango huna, mimi unifundishe milango?"

Watu wakacheka tena, hata Kanga, shoga yake mwenyewe, ambaye mchicha wake ulikuwa bado umemganda Kiboko kwenye jino. Kiboko akasema Jumba litazungushwa mji kwa majaribio, na likirudi, litangazwe.

Pimbi akasogea pembeni, masikio yanamwaka. Akalitazama lile jino lenye mchicha. Kisha akatazama mbinguni: hakuna wingu hata la kufutia uso. Akamtazama Kiboko, ambaye ngozi yake mchana haikai mbali na maji. Akafuta uso kwa viganja, akarudi na sauti ya asali.

"Mheshimiwa, nimekosa. Jumba ndilo. Ila kuna jambo linaniuma."

"Liseme upesi, usinichoshe."

"Siku kubwa kama ya leo, mwenyekiti akae mlangoni kama konda? Siti ya heshima ni ile ya nyuma kabisa, inayotoka ukuta hadi ukuta. Na leo ni majaribio, Mzee. Mizigo yote ipelekwe nyuma, tujue basi linabeba kiasi gani. Atakayekaa nyuma ndiye atakayeipima."

Kiboko akameza mate, gudu. "Yote?"

"Yote, Mzee. Na matikiti."

Basi Kiboko akawa wa kwanza kupanda. Mlango haukumtosha wima, akapita kiubavu, Jumba likainama upande, likainuka. Akaenda mpaka nyuma, akajimwaga, akavuta pazia. Pimbi akapanda kwenye kichaga cha mizigo, juu ya kichwa chake, akalichungulia lile dirisha la nyuma kutoka juu.

Mizigo ikaanza kupita juu ya vichwa kwenda nyuma, na watu wakaifuata.

Wakaingia Nyati na wake zake. "Songeni nyuma," akasema Kasuku, "nyuma kuko wazi."

Wakaingia Pundamilia na mashemeji. "Songeni nyuma, nyuma kuko wazi."

Wakaingia Ngiri na watoto, na Kobe, na Kanga na kapu. "Songeni nyuma, nyuma kuko wazi." Nyuma hakukuwa wazi tangu Kiboko alipokaa, lakini Kasuku alikuwa amelijifunza neno hilo udogoni. Nyani wakaning'inia kwenye vyuma vya juu. Mwisho mlango ukasukumwa kwa bega, ukakubali. Dereva Mbuni akatoa shingo dirishani, akapiga honi, paa-ri-pa-pa-paa, na Jumba likaondoka huku mji mzima ukilikimbilia na kushangilia.

Nyuma kule, Kiboko alipima. Akapima ndizi, kacha. Akapima miwa, kacha kacha. Akapima karanga zilizokaangwa kwa chumvi, gunia zima, kacha kacha kacha. Pimbi kila mara akimshushia kingine kutoka juu na kumwambia, "Na hiki, Mzee, wasije wakasema umependelea."

Jua likapanda utosini. Jumba likachemka kama chungu. Chumvi ikamkamata Kiboko kooni na joto likamkamata mgongoni, ngozi ikaanza kumvuta.

Wakafika Kituo cha Bwawani.

"Shusha," akasema Kiboko.

Mlango ulikuwa kule mbele, mbali kama mji mwingine. Kati yake na mlango walijaa Nyati, Pundamilia, mashemeji, wote. Wakamwambia, Mzee, tungekupisha, tukupishe tuende wapi? Kabla hajanyanyua mguu wa kwanza, waliokuwa wakingoja nje wakajikamulia ndani. "Songeni nyuma, nyuma kuko wazi." Pshiii. Bwawa likapita dirishani, maji yake yanang'aa.

Wakafika Kituo cha Topeni.

"Shusha," akasema Kiboko, na sauti imekauka.

Akanyanyua mguu wa kwanza, hakupata pa kuuweka, akaurudisha. "Songeni nyuma, nyuma kuko wazi." Pshiii. Tope likapita, zito, baridi, limetulia.

Wakafika Kituo cha Mferejini. Mfereji ulikuwa hapo hapo, chini ya dirisha la nyuma, unatiririka chururu chururu. Mbele ya hapo kilibaki Majabalini tu, ambako maji ni habari ya kusimuliwa.

"Bi Pimbi," akasema Kiboko, na safari hii alimwona vizuri. "Ngozi yangu inapasuka. Nishushe."

"Mlango uko kule mbele, Mzee."

"Ule ni mbali, mama."

"Ni mbali, lakini ni mmoja tu, na ulisema unatosha." Pimbi akajikuna sikio. "Lipo dirisha la dharura hapa, nyuma ya pazia lako. Linafunguka lote, nimeliona. Ila ni la dharura, na Jumba halina dharura yoyote. Wewe mwenyewe umelichagua."

"Ipo dharura."

"Ya nini, Mzee?"

"Ya mlango."

Kasuku, kule mbele, akalidaka neno kwa sauti ile ile nzito ya Kiboko, akalitupa nje kituoni: ipo dharura ya mlango. Nyani, kwa mazoea, wakapiga makofi. Pa pa pa.

"Mlango ukae wapi?" akauliza Pimbi. "Sema, Kamati inasikiliza."

"Hapa nyuma."

"Hapa nyuma," akatangaza Kasuku. Pa pa pa.

"Na aliye katikati, ngozi yake ikipasuka?"

Kiboko alikuwa anatoa jasho jekundu. "Na katikati," akasema. "Mitatu. Nataka basi la milango mitatu. Mabasi yote ya mji huu yawe na milango mitatu."

"Yote milango mitatu," akatangaza Kasuku, mpaka ng'ambo ya mfereji wakasikia. Nyani wakapiga makofi kwa mikono na kwa miguu, wawili wakaanguka.

Pimbi akavuta pazia, akafyatua komeo, akakisukuma kioo. Kiboko akatanguliza kichwa, kikapita. Akatia mabega, yakapita. Akafika tumboni, penye ndizi na miwa na gunia la karanga, akakwama. Basi zima likajipanga nyuma yake, Nyati akaweka paji la uso panapostahili, wakahesabu, wakasukuma. Fyatu. Chubwi. Mfereji ulipanda ukingoni ukashuka.

Alipopoa vya kutosha kuona aibu, Kiboko akasema hakusema. Kasuku akayarudia yote, kwa sauti ya Kiboko, na kile kikohozi cha karanga katikati. Nyani wakapiga makofi mara ya pili. Ikawa imepita, na imepita tena.

Yakaja Majongoo, njia zote. Siku ya kwanza watu walivaa kama wanakwenda harusini. Kiboko alikaa mlango wa mbele, kinywa wazi, akangoja. Pshiii. Watu wakapanda katikati. Akakimbilia katikati, du du du. Wakapanda nyuma. Akakimbilia nyuma, du du du. Nge nge nge, basi hilo linaondoka, na yeye kabaki kituoni na pumzi yake. Siku hizi, nasikia, anakula majani kama alivyoumbwa.

Lakini cheo hakukiacha. Sherehe ya kuyapokea mabasi ilipofanyika alipanda jukwaani, akasema fikra ya milango mitatu ilikuwa yake tangu zamani, kwamba aliilipia kwa ngozi yake mwenyewe, na kwamba wapo waliompinga. Nyani wakapiga makofi. Aliyepiga kuliko wote alikuwa Pimbi, kisha akatazama jua, akaona atachelewa, akapanda Jongoo kwa mlango wa katikati.

Sokoni alimimina viazi vyake kizimbani, vikajaa, vikapanda, cha juu kikabingirika mpaka miguuni pa bwana soko. Bwana soko akakiokota, akakipangusa, akamrudishia kwa mikono miwili, akamwomba kwa hisani yake ausogeze ule mlima, watu wapate njia.

Hapo hadithi yangu imefika mwisho wa njia. Ikiwa tamu, shukeni nayo. Ikiwa chungu, iacheni kwenye siti, nitaifagia mwenyewe.

Mnataka na fundisho? Hili hapa, mlishike. Mdogo asijitie katika kazi za wakubwa. Mambo ya mabasi ni ya wenye vyeo na makalio mapana, hao ndio wajuao mlango ukae wapi. Ninyi wadogo kazi yenu ni moja, kuwapa heshima yao: wakalisheni nyuma kabisa, penye pazia, siku ya jua kali, na karanga za chumvi za kutosha.