Dumu Lililopanga Foleni Peke Yake

Kaeni vizuri, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana sipendi kesi iamuliwe na mtu aliyesikia nusu. Kesi hii imenishinda. Nimeibeba miezi mingi, leo naitua mbele yenu.

Palikuwa na kambi juu ya mawe meusi ya volkano, upande wa Ziwa Kivu. Watu waliokimbia vita waliwekwa pale kwa sababu hakuna mwingine aliyepataka. Ardhi yake haichimbiki: si kisima, si choo, hata kaburi ni kazi ya kutwa nzima. Wanaume wenye bunduki, ambao kila mmoja hudai anawapigania watu hawahawa, walikuwa wamelipua mtambo wa kusafisha maji. Tangu hapo boza, lori la tangi la watu wa misaada, lilileta maji ya ziwa vilevile yalivyo, na siku nyingine halikuja kabisa. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia.

Katika kambi hiyo walikuwapo watu watatu. Mwalimu Bisimwa alikuwa na kipawa cha haki, hivyo alipewa kulinda foleni ya maji, na hata ndugu yake hakumpitisha mbele. Nzigire alikuwa na mkono usiokosea kipimo. Alisimama kando ya bomba la boza na chupa ya klorini, akatia dawa katika kila dumu lililojaa. Masika alikuwa na nguvu. Alibeba mzigo mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, akapanda mawe yale bila kupumzika. Wote watatu walikuwa wamezika watoto wao. Bisimwa alizika wawili, Nzigire mmoja, na Masika hakuniambia wangapi, nami sikuthubutu kuuliza.

Foleni ya pale ilikuwa na sheria yake. Mtu hawezi kusimama juani siku mbili akingoja boza, kwa hiyo dumu lake humsimamia. Unaliweka kwenye foleni, unakwenda kutafuta kuni, na aliye nyuma yako akisogeza lake anasogeza na lako. Dumu ni mtu. Anayelitoa kwenye foleni amekutoa wewe.

Jumatatu, mwanamke mgeni aliweka dumu la njano lililofungwa kitambaa chekundu kwenye kishikio chake, akaondoka. Hakuna aliyemuuliza jina. Jumanne boza halikuja. Jumatano likaja, na baada ya kusogezwasogezwa na kila mtu, dumu lile likafika mbele. Mwenyewe hakuonekana.

"Litoeni!" alipiga kelele Mama Kavira, mwenye dumu lililofuata. "Mtu mwenyewe hayupo tangu juzi. Tunapisha chombo kitupu!"

"Limepanga foleni kama lako, mama," alisema Mwalimu Bisimwa. "Nikilitoa hili leo, kesho nitalitoa lako ukiwa umekwenda kuzika."

Akaliweka chini ya bomba kwa mikono yake. Watu walimtukana, na mmoja alimrushia jiwe likampata begani. Alilishikilia dumu mpaka likajaa.

Nzigire naye akatazama chupa yake. Kilikuwa kimebaki kipimo kimoja tu.

"Dada, nitie mimi," alisema Mama Kavira, safari hii kwa sauti ya chini. "Mimi nipo, unaniona kwa macho."

"Dawa inafuata foleni, mama. Yako leo uyachemshe."

"Kwa kuni zipi?"

Nzigire akainamisha chupa. Akatia kipimo cha mwisho katika dumu la mtu asiyekuwepo.

Basi dumu likabaki pale, limejaa, halina wa kulichukua. Masika akalifunga kamba, akalitupa mgongoni, akaanza kupanda akiuliza kibanda kwa kibanda: "Dumu la kitambaa chekundu ni la nani?" Lita ishirini, juu ya mawe yanayokata ndala. Alilipata jibu katika kibanda cha mwisho kabisa. Mwanamke alikuwa amelala chini ya turubai, amekufa tangu jana yake. Kando yake kulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitatu hivi, macho yameingia ndani, lakini anapumua.

Masika akatua dumu. Aliomba chumvi na sukari kwa jirani, akachanganya na maji yale, akamnywesha mtoto kijiko kimoja kimoja mpaka mikono yake ikafa ganzi. Kesho yake mtoto aliomba maji mwenyewe. Majirani walijua jina lake tu, Ushindi.

Ijumaa akaja karani wa misaada na daftari. "Mtoto asiye na mlezi anapelekwa kituo cha yatima mjini, leo hii. Mwenye mlezi anabaki. Nina nafasi ya jina moja. Niandike nani?"

"Mimi," walisema wote watatu.

"Ningelitoa lile dumu," alisema Bisimwa, "mngemnywesha nini?"

"Na bila dawa yangu," alisema Nzigire, "mngemnywesha kifo kwa kijiko."

"Maji yalikuwa chini, mtoto alikuwa juu," alisema Masika. "Nani alipanda?"

Wangeishia hapo ningewaamulia mimi mwenyewe. Lakini walikuwa wameshachemka.

"Mwalimu," alisema Nzigire, "siku mbili ulisogeza dumu lile. Hukutuma hata mtu mmoja aulize mwenyewe yuko wapi? Jumatatu mama yake alikuwa hai!"

Bisimwa akainamisha kichwa. "Nililinda dumu," alisema. "Nikamsahau mtu."

"Wewe usimhukumu," Masika akamgeukia Nzigire. "Mama Kavira tumemzika leo asubuhi. Alikunywa maji yake yasiyo na dawa bila kuchemsha."

Nzigire akalia mbele ya watu wote, wala hakujitetea.

"Nawe Masika," alisema Bisimwa, "dumu lako liliibwa wiki iliyopita. Ulipolibeba lile, ulikuwa unampelekea nani?"

Masika akajibu: "Nilisema nikimaliza vibanda vyote nisimpate mwenyewe, ni langu. Na njia nzima niliomba asipatikane. Mungu ni shahidi wangu, niliomba."

Gari la kituo lilikuwa linanguruma barabarani. Karani alisimama, kalamu mkononi, akawatazama mmoja mmoja. Mtoto naye aliwatazama vilevile, kisha akauliza:

"Mama bado yuko kwenye foleni?"

Mpaka leo sijui ni yupi kati yao alistahili kumjibu. Haya, kalamu ninawapa nyinyi, na gari halingoji. Mnamwandika nani?