Farasi Asiyegeuzwa

Hapo zamani, katika nchi ya Bara Hindi, palikuwa na mfalme aitwaye Pratapketu, ambaye tamaa yake ya ardhi ilikishinda hata kitambi chake. Basi, kwa desturi ya wafalme wa huko, akamfungulia farasi mweupe azurure mwaka mzima, na nyuma yake askari mia nne na jemadari wao. Kila atakapokanyaga ni pa mfalme. Mwaka ukiisha, farasi achinjwe kafara, na mfalme aitwe mkuu wa wafalme. Ikapigwa mbiu: "Mtu asimguse, asimzuie, wala asimgeuze. Atakayethubutu, amemtangazia mfalme vita!"

Ikawa siku moja farasi akaingia katika kishamba cha Dhunduka, fukara mmoja mcheshi, ambaye dengu za hapo ndizo chakula chake cha mwaka mzima. Farasi akala, akajinyoosha, akala tena.

"Jemadari, ndugu yangu," akalia Dhunduka, "mwambie basi ahamie hata kwa jirani!"

"Kwa jirani hakuna dengu," akajibu jemadari, naye anatafuna. "Mguse uone. Kichwa chako halali yetu."

"Haguswi, hazuiwi, hageuzwi. Je, na kumtangulia njiani ni marufuku?"

Jemadari akakuna kidevu. "Hilo halimo katika mbiu."

Basi Dhunduka akachomeka bonge la sukari guru kiunoni, kwa nyuma, akashika njia ya mji mkuu. Farasi, pua zikimcheza, nyuma yake. Askari mia nne nyuma ya farasi. Wakapita lango, wakapanda ngazi, wakaingia hadi chumbani mwa mfalme, naye anakandwa mgongo. Farasi akapanda kitandani, akatafuna mto, akaachia samadi.

"Mtoeni!" mfalme akapiga yowe.

Askari wakatazamana. "Bwana Mfalme, ile mbiu..."

"Mbiu ni yangu!" Akaruka na kishuka chake, akamkamata farasi masikio.

Dhunduka akaanguka kifudifudi. "Ole wetu! Mfalme amemtangazia mfalme vita! Bwana, hawa mia nne wapigane upande upi?"

Malkia, aliyekuja mbio kwa yowe lile, akacheka hata akashikilia ukuta. Mfalme naye akacheka, kishuka kikamponyoka, ikawa kicheko juu ya kicheko.

"Vita vimekwisha," akasema mfalme, akifuta machozi. "Nani ameshinda?"

"Dengu, Bwana."

Basi Dhunduka akarudishiwa shamba lake, na magunia kumi ya dengu juu. Na kwa kuwa farasi aliyekwisha kushikwa hafai tena kafara, Dhunduka akapewa na yeye, akaenda zake amempanda, akimwonya njia nzima: "Ukizigusa tena dengu zangu, bwana wee, umenitangazia vita!"