Taa Ndefu za Profesa Chambulilo

Profesa Chambulilo hajakipasha moto kiti cha ukuu wa chuo, akaagiza taa fupi za bustani kongwe zing'olewe, zisimikwe ndefu za uwanja wa mpira. Maana hakuna kinachoipamba bustani ya kale kama kufanana na kituo cha mafuta.

Mwatumu, msimamizi wa bustani, alishangilia. "Hongera, Profesa! Mwanga utafika hadi nyuma ya klabu ya walimu. Mama watoto akikaa barazani kwenu, ataona kila gari linalojificha kule jioni."

Profesa akakohoa. "Lakini tuiheshimu historia, Bi Mwatumu. Ziache fupi."

"Kama unavyoamuru, mzee."

Mwatumu hakuwahi kufika nyuma ya klabu. Maneno yale yale aliwaambia wakuu wawili waliomtangulia Profesa, nao pia waliipenda historia ghafla.